Kitufe cha Q Kimepata Kazi

Katika Kiswahili hakuna herufi inayocharazwa mara nyingi kuliko A, na kwenye kibodi zetu imewekwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu. Aliyeiweka hapo hakutudharau. Mpangilio huu ulitokana na taipureta ya Christopher Latham Sholes, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington miaka ya 1870, na Sholes aliwaza Kiingereza. Ndiyo maana Q na X, ambazo sisi hatuna haja nazo, zina vitufe vyake, ilhali ng' ya ng'ombe hutudai mibonyezo mitatu.

Wapo mafundi wasioridhika na hali hiyo, na hao ndio ninaowasifu. Wanaiandika upya programu inayokaa ndani ya kibodi yenyewe, ile inayoamua kitufe kikibonyezwa kompyuta iambiwe nini. Wengi hutumia QMK, mradi wa msimbo huria, uliochipuka kutoka programu ya TMK ya Jun Wako. Humo Q unaweza kuipa kazi ya kutoa ng' kwa mguso mmoja.

Kazi yenyewe inataka umakini mwingi. Vipande vya chuma ndani ya kitufe hudundadunda vinapogusana, na mbonyezo mmoja ungeweza kusomeka kama mitatu. Kwa kawaida QMK husubiri milisekunde 5 ndipo iamini. Kitufe kimoja kinaweza kubeba kazi mbili: ukigusa na kuachia ni herufi, ukikishikilia kupita milisekunde 200 ni Shift. Yote hayo, kwenye chipu iliyoenea ya ATmega32U4, lazima yaenee katika kilobaiti 32, tena sehemu yake imeshachukuliwa na programu ya kuanzishia. Basi fundi huzima taa za mapambo ili ng' yake ipate pa kukaa. Ubahili wa namna hiyo unapendeza.

Ila mimi hunivutia zaidi namna wanavyoijenga programu hiyo. Msimbo wake, ulioandikwa kwa lugha ya C, hauingii kwenye chipu hivi hivi. Unataka kompaila ya avr-gcc, maktaba zake na zana nyingine, kila moja na toleo lake. Ukizimwaga zote kwenye kompyuta, siku ukisasisha mfumo, programu iliyojengeka jana inagoma. Fundi makini huzifungia ndani ya kontena, yaani chumba cha programu kilichotengwa na kompyuta nyingine yote, la Docker au Podman. Kontena linapewa folda ya msimbo, linajenga, linaacha faili la hex, kisha linafutwa. Kompyuta inabaki safi. Kulipeleka faili hilo kwenye chipu mara nyingi hufanyika nje, maana kontena halioni USB mpaka liruhusiwe. Na wavivu huomba kontena la toleo la "latest", halafu wanashangaa matokeo kubadilika. Anayetaja toleo kamili, na akahifadhi msimbo uleule, anaweza kuijenga tena kibodi yake baada ya miaka.

Watu husema huko ni kupoteza saa nyingi kwa ajili ya kitufe kimoja. Ni kweli, muda huo haurudi. Lakini chombo tunachokishika kutwa nzima kinastahili kujua lugha yetu. Kama una kibodi inayokubali QMK, anza na Q hiyo, kisha mpe mwenzako msimbo wako.