Kazi ya Mkono Huangaliwa Ndani

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, na dereva wa matatu huzimaliza kwa saa mbili. Anayesafiri ili ale, anywe na atazame kazi za mafundi azipe siku nzima, kisha apitie Garsen na Witu hadi Mokowe na kuvuka kwa boti kuingia Lamu. Njia yote hiyo nina kipimo kimoja: naangalia pale ambapo fundi angeweza kulipua kazi bila mtu kujua.

Anzia Mji wa Kale, Mombasa, asubuhi, kwa mahamri na mbaazi. Usisifu rangi, maana mafuta ya moto humpa rangi kila mpishi. Lipasue hamri. Ndani liwe na uwazi, kuta zake nyembamba na laini, iliki ifike puani kabla sukari haijafika ulimini. Likijaa unga, donge halikuachwa liumuke. Mbaazi nazo zilale ndani ya tui zito lililotiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo. Tui la haraka hukatika, mafuta yakaelea na maji yakabaki chini, wala hakuna pilipili inayoweza kulificha.

Ukishapita Mtwapa na kuingia Kilifi, uko kwenye nchi ya minazi. Dafu litikise kabla hujalipia: likiwa kimya limejaa maji, likisukasuka limeshaanza kuwa koroma.

Kwa anayekunywa mnazi, hapa ndipo pa kutulia. Mgema hupanda na kotama, akakata ncha ya karara, utomvu ukadondokea kwenye kibuyu. Utomvu huo huanza kuchacha wenyewe, bila kutiwa chochote. Wa asubuhi ni mtamu, wa jioni una ukali wake, na wa kesho yake unaelekea kuwa siki. Kwa hiyo usiulize bei kwanza, uliza umegemwa saa ngapi. Mnazi mzuri una weupe mzito na povu dogodogo lisilozimika upesi, na utamu wake haukwami midomoni. Ukinata, umetiwa sukari. Ukipita kooni bila kuacha ladha, ni lile tembo lililotiwa maji ambalo wahenga walimsema mgema wake. Unywe kwa mrija wenye kichujio, ukiwa umeketi na wenyeji, na uumalize hukohuko Kilifi. Lamu ni mji wa Kiislamu, usiupeleke huko.

Katika nchi hiyohiyo ya minazi, nchi ya Wagiriama, utasikia habari za vigango, nguzo za kuchonga zinazosimikwa kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Nyingi ziliibwa na kuuzwa ng'ambo, na baadhi ya majumba ya makumbusho ya Marekani yamezirudisha. Ukiuziwa kigango cha zamani, usikinunue, hata kiwe kizuri namna gani. Hicho ni cha marehemu na jamaa zake.

Lamu, mji ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, hutazamwa kwa miguu, mlango kwa mlango. Mbao ziwe za msaji, mvule au mbambakofi. Macho ya wageni hukimbilia maua ya katikati. Wewe nenda kwenye pembe, pale kizingiti kinapokutana na miimo: nakshi igeuke kona bila kukatika wala kubanwa. Kisha pitisha kidole ndani ya mchongo. Sakafu yake iwe sawa, kingo zikiwa bado na ukali wa patasi. Kingo zilizolegea zimepitishwa msasa kuficha mkono usiotulia, na vanishi nene mara nyingi hufunika nyufa zilizozibwa.

Kofia iliyodariziwa kwa mkono ipindue. Upande wa ndani uwe safi karibu sawa na wa nje, vitundu viwe duara na vilingane, uzi usivutwe hata kitambaa kikakunjamana. Kofia ya namna hiyo huchukua wiki nyingi, pengine miezi, basi usimpunje mshonaji. Akikwambia yako haijaisha, mpe arubuni, umwachie na kipimo cha kichwa chako, uende barazani ukanywe kahawa tungu kwa halwa.