Filme iliyongojea volkano, ikasahau udongo

Leo sitaongelea konkuru wala kutafuta kazi. Nataka tuzungumzie filme moja ya zamani, ya dakika kama 30 tu, lakini mtu wa Goma, Sake ao Kibati akiiangalia ataona kama ilitengenezwa jana. Inaitwa La Soufrière, ya Mjerumani Werner Herzog, ilitoka mwaka 1977. Nimeiangalia mara tatu, na kila mara naipenda na inanikasirisha pamoja. Acha nieleze juu ya nini.

Kwanza habari yenyewe. Guadeloupe ni visiwa vya Ufaransa kule Karibi. Kisiwa kimoja, Basse-Terre, ni mtoto wa volkano. Upande wa kusini kuko mlima Soufrière, wenye mita 1467, na kule juu moshi wa kibiriti unatoka mu mawe. Ukiteremka unakuta msitu wa mvua na maporomoko ya Carbet, halafu mashamba ya ndizi, halafu bahari na mchanga mweusi, mweusi sababu ni mawe ya volkano yaliyosagwa na maji. Mu Julai 1976 mlima ukaanza kutoa mvuke na majivu. Tarehe 15 Agosti serikali ikaamuru watu watoke, na zaidi ya watu 70.000 wakaacha nyumba zao. Herzog akasikia kwamba kuko mtu mmoja amekataa kuondoka. Akapanda ndege na wapiga picha wawili, wakaingia mu mji usio na watu.

Picha walizoleta ni za nguvu, hilo siwezi kubisha. Taa za barabarani zinabadilika rangi na hakuna gari hata moja ya kuzitii. Wanyama wanazunguka barabarani, hakuna wa kuwapa chakula. Msimulizi anasema nyoka waliteremka mlimani, wakaingia baharini na kuzama. Kiisha hao watu watatu wanapanda mpaka karibu na mdomo wa volkano, ndani ya moshi. Tuliokuwa Goma tarehe 27/05/2021, wakati amri ya kuhama ilisomwa asubuhi na watu wakajaa mu njia ya Sake na ya Gisenyi, tunaijua ile kimya. Ni kimya ya mji ambamo masufuria yamebaki kwenye mbabula. Mimi sijaona filme ingine iliyoikamata vile.

Halafu wanamukuta yule mtu. Amelala chini ya mti, na paka wake pembeni. Wanamuamsha. Hakimbii, hashangai. Anasema anangojea kifo, ni mapenzi ya Mungu, na hakuna anayejua siku yake. Hapa Herzog anafanya kazi nzuri kabisa: hamucheki, hamugeuzi shujaa, anamuacha aongee na kuonyesha namna anavyolala. Na mu maneno yake ya mwisho Herzog mwenyewe anasema kwamba kitu kilichomubakia mu akili hakikuwa volkano, ilikuwa namna watu weusi wa kile kisiwa wameachwa na kusahauliwa. Sentensi hiyo njo bora ya filme yote.

Sasa nakuja kwa hasira yangu. Baada ya kusema sentensi kama hiyo, ungengojea camera imufuate huyu mtu: analima nini, shamba ni la nani, anauzia wapi. Haimufuati. Jicho la filme linajua sehemu mbili tu, kule juu kwenye moshi na kule chini kwenye mji na bahari. Katikati, kwenye mteremko ambako watu wanakula na kufanya kazi, linapita mbio. Mimi ni mtu wa agronomi, na kwangu kisiwa cha volkano ni ule mteremko kwanza. Ule udongo mweusi mwepesi tunaouita andosoli, wenye kushika maji na mbolea, njo sababu ya watu kukaa chini ya mlima wa hatari, kule kama hapa kwetu Rutshuru na Masisi. Usipouonyesha, yule mtu anaonekana kama mtakatifu ao kama mwendawazimu. Ukiuonyesha, anaonekana kama jirani yako.

Na kuko jambo zito zaidi. Wakati camera ilikuwa inangojea mlima upasuke, balaa ingine ilikuwa tayari imeingia mu kisiwa. Tangu 1972 serikali ya Ufaransa ilikuwa imeruhusu dawa inayoitwa klorodekoni mu mashamba ya ndizi ya Guadeloupe na Martinique, juu ya kuua fukusi wa migomba, yule yule mdudu anayetusumbua hapa Kivu. Marekani ilifunga kiwanda chake mu 1975, sababu wafanyakazi waliugua. Kule visiwani dawa iliendelea kutumika mpaka 1993. Ile andosoli inayoshika mbolea vizuri, inashika na sumu vizuri vilevile, na wataalamu wanasema mahali pengine itabaki kwa mamia ya miaka. Tunda la ndizi lenyewe haliivuti, njo maana lilisafiri salama kwenda Ulaya. Lakini vyakula vya ardhini, viazi vikuu, viazi vitamu, majimbi, vinaivuta. Mvua inaichukua mpaka mu mito, mito inaipeleka baharini, na leo kuko sehemu za pwani hiyo nzuri ambako wavuvi wanakatazwa kuvua. Vipimo vimeikuta mu damu ya zaidi ya watu wazima 9 kwa 10.

Mlima wenyewe? Haukupasuka vile walivyoogopa. Mvuke na majivu viliendelea mpaka 1977, na hakuna aliyeuawa na mlipuko. Herzog anamaliza na muziki mzito wa Wagner, na anakubali kwamba kuna kitu cha kuonea haya mu kuja kupiga picha ya maangamizi ambayo hayakutokea. Nampa heshima kwa kusema hivyo. Lakini mwenye shamba aliyekaa miezi mitatu na zaidi mbali na migomba yake na nguruwe wake, yeye hawezi kusema hakuna kilichotokea.

Kuko watakaonijibu: Herzog angejuaje habari ya klorodekoni mu 1976? Jibu langu ni kwamba simuombi awe mtu wa laboratwari. Namuomba aulize swali moja kwa mtu anayelima. Mu 1974, kisiwa cha jirani, Martinique, wafanyakazi wa ndizi waligoma, na kati ya madai yao kulikuwa kuondolewa kwa hizo dawa za sumu. Watu walikuwa wanaongea tayari. Alipaswa kuwakuta wakiwa na jembe mkononi, si wakiwa wamelala wakingojea kufa.

Kuko na kiunganishi kimoja kinachotugusa sisi. Ile mwaka wataalamu wa Ufaransa walipigana vikali juu ya Soufrière. Claude Allègre, mkubwa wa taasisi yao, aliunga mkono watu wahame. Haroun Tazieff alisema mlima hautaua, na akapoteza cheo chake. Huyu Tazieff ni yule yule aliyeshuka ndani ya krateri ya Nyiragongo mu 1948, na diplome yake ya kwanza ilikuwa ya agronomi, kule Gembloux. Musinielewe vibaya: hapa Goma lava ilikuja kweli, mu 2002 na mu 2021, na mwenye akili anakimbia. Ninachosema ni kwamba hata ule ugomvi mkubwa wote ulikuwa juu ya kilele. Juu ya udongo hakuna mkubwa aliyepoteza cheo.

Na sisi tuko na jicho lile lile. Angalieni picha tunazotuma: krateri nyekundu usiku, Tchegera na ukingo wake wa mviringo mu ziwa, mawe meusi pembeni ya maji. Nzuri, hata mimi ninazo. Lakini hatari yetu ingine haipigwi picha. Mazuku inaua mtu na mbuzi mu mabonde ya upande wa Bulengo na Lac Vert bila moshi, bila sauti. Wataalamu wa dunia nzima wamechukua hilo neno letu na kuliandika mu vitabu vyao, sababu mama wa shambani alilijua mbele yao. Na madawa tunayopulizia nyanya na viazi kwenye udongo huu wa volkano, nani kati yetu ameshaandika memware juu ya mahali yanapoenda mvua ikinyesha? Maji mengi ya huku kwetu yanaishia ziwani, na samaki tunakula sisi.

Basi filme muitafute, muiangalie, inastahili hizo dakika 30, hasa juu ya yule mtu na paka wake. Mukimaliza, muniambie hapa chini: mulimuona akilima mara ngapi?