Ufundi wa Kusaka Kufuli

Seva ya Apache iliyowekewa faili zake kwenye hifadhi ya pamoja ya NFS huweza kufanya kazi miezi mingi bila kasoro, kisha ikagoma kuwaka. Katika kumbukumbu zake za makosa hubaki mstari mmoja: kosa namba 37, "No locks available". Seva imeomba kufuli la faili, ikakosa wa kulitoa. Wengi hukimbilia kukagua ruhusa za faili na nafasi ya diski, na vyote huonekana salama. Hapo ndipo ufundi wenyewe unapohitajika, nao unastahili heshima kuliko unavyopewa.

Fundi hodari hujiuliza kwanza kufuli hilo hutolewa na nani. Kwenye diski ya ndani, hutolewa na kerneli ya mashine yenyewe. Kwenye NFS toleo la 3, lililochapishwa mwaka 1995, kufuli hushughulikiwa na itifaki ya pembeni, NLM, ikisaidiwa na huduma inayokumbuka ni mashine zipi zilizoshika kufuli, endapo moja itazimika. Ndiyo maana faili husomeka na kuandikika vizuri ilhali kufuli halipatikani.

Basi huandika amri ya rpcinfo -p pamoja na jina la seva ya hifadhi, akatafuta mistari miwili: nlockmgr, yaani NLM, na status, yaani ile huduma inayoisaidia. Isipokuwepo, huduma imelala. Ikiwepo na bado ombi halijibiwi, hugeukia fayawoli. NFS kwa kawaida husikiliza poti 2049, lakini poti ya NLM, isipopangwa makusudi, hubadilika kila huduma inapowashwa. Iliyofunguliwa jana huenda leo haina mtu.

Toleo la 4 la NFS liliondoa adha hiyo kwa kuingiza kufuli ndani ya itifaki yenyewe. Hata hivyo seva ya hifadhi ikiwashwa upya, hutenga muda, kwa kawaida sekunde 90 kwenye Linux, ili wenye kufuli za zamani wazidai, na maombi mapya husubiri. Mwenye pupa akiiwasha tena, muda huanza kuhesabiwa upya. Subira hapa ni sehemu ya kazi.

Kwa toleo la 3 kuna njia ya mkato: kupachika hifadhi kwa chaguo la nolock. Kosa hutoweka, lakini kila mashine hujifungia kivyake, na mbili zaweza kuandika faili moja kwa wakati mmoja. Data huharibika kimyakimya, na hilo ni baya kuliko seva iliyogoma.

Tiba ya kweli ni nyepesi. Kufuli la Apache hupanga zamu za michakato ya mashine moja tu, kwa hiyo halina haja ya kuvuka mtandao. Katika toleo la 2.4 la Apache, elekezo la Mutex hulihamishia kwenye diski ya ndani. Hifadhi ya pamoja ibaki na kurasa na picha. Kufuli likae nyumbani kwa seva.