Ulinganifu, Urari na Uwiano: Istilahi za Jiometri katika Sanaa

Neno moja likibebeshwa mizigo mitatu, hapana budi mmojawapo uanguke njiani. Ndivyo lilivyo neno ulinganifu katika mafunzo ya uchoraji na usanifu wa mapambo. Mara hutumiwa kwa umbo ambalo nusu yake moja ni sura ya nusu ya pili katika kioo. Mara kwa picha ambayo uzito wa sehemu zake hauelemei upande mmoja. Na mara kwa kupatana kwa vipimo, kama vile urefu kwa upana. Hizo ni maana tatu mbalimbali, na jiometri, iliyo msingi wa kazi ya mchoraji na mchongaji, haiwezi kufundishwa vema bila kuzitenga.

Madhara yake si madogo. Mwalimu akiandika katika mtihani, "Chora pambo lenye ulinganifu," mwanafunzi mmoja atakunja karatasi katikati na kuinakili nusu moja upande wa pili. Mwingine ataweka duara kubwa kushoto, kisha alikabili kwa pembetatu ndogo tatu kulia. Wote wawili wamelitii neno, lakini mmoja atakosa alama. Kosa hapo ni la istilahi, si la mwanafunzi.

Na tuitazame kanga, ambayo kila msomaji anaifahamu. Ni mstatili wa kiasi cha sentimita 150 kwa 110. Vipimo hivyo, yaani 15 kwa 11, ndivyo uwiano wake. Pindo huizunguka pande zote nne, na aghalabu pindo la kushoto hufanana na la kulia: hapo pana ulinganifu. Lakini jina huandikwa sehemu ya chini ya mji, wala juu hamna maandishi ya kulikabili. Anayeshikilia kwamba kila pambo zuri sharti liwe na ulinganifu atasema kanga ina kasoro. Mvaaji haioni kasoro hiyo, kwa kuwa upana wa pindo na mapambo ya mji huubeba uzito wa maandishi. Sifa hiyo ndiyo urari.

Kadhalika mlango wa nakshi wa Unguja. Miimo yake ya kushoto na kulia huchongwa kwa nakshi zinazolingana. Mfaa wa katikati hushikamana na upande mmoja tu wa mlango, na hata hivyo ndio unaoonyesha mhimili wa ulinganifu mlango ukifungwa.

Huenda mtu akajibu kwamba utata huu umo hata katika lugha za Ulaya. Ni kweli. Neno la Kiyunani symmetria, alilolitumia Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi wa karne ya 1 K.K., lilihusu upatano wa vipimo, si nusu mbili za kioo. Mwaka 1952 mwanahisabati Hermann Weyl alianza kitabu chake juu ya somo hili kwa kutenga maana zake mbili. Lakini utata wa wenzetu si hoja ya kuuiga, hasa ikiwa maneno ya kuuondoa tunayo. Urari hutumiwa na washairi kwa vina na mizani, na wahasibu kwa vitabu vyao. Uwiano umo katika masomo ya hesabu. Hapana haja ya kubuni wala kukopa.

Kwa hiyo yafaa ulinganifu ubakie kwa umbo ambalo sehemu zake hurudiana kwa kipimo kuuzunguka mhimili au nukta. Urari uwe kwa mizani ya uzito wa picha. Na uwiano kwa uhusiano wa vipimo. Katika mazungumzo ya kila siku watu na waendelee kusema watakavyo. Katika kitabu cha kiada, mwongozo wa fundi na karatasi ya mtihani, kila neno lishike mzigo wake.