Nakala Mama Iliyofungiwa Kwenye Mkanda

Tamthilia ya televisheni Star Trek: The Next Generation ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, tangu 1987 hadi 1994. Filamu ya aina hiyo inatosha kuijaza skrini ya sinema. Lakini BBC2 ilipoanza kuionyesha Uingereza mwaka 1990, picha ilionekana kama inatazamwa kupitia chandarua. Kosa halikuwa la kamera wala la mnara. Lilianzia kwenye chumba cha uhariri.

Ili kuiwahi ratiba ya kila wiki, filamu ilihamishiwa kwenye mkanda wa video kwanza, ndipo ikahaririwa. Miale ya silaha na watu wanaoyeyuka hapa na kuibuka kule vilitengenezwa humohumo. Kwa hiyo kipindi kilichokamilika hakikuwahi kuwapo kwenye filamu. Kilikuwa kwenye mkanda wa NTSC tu, mfumo wa televisheni wa Marekani wenye mistari 525. Siwalaumu watayarishaji, soko lao lilikuwa vituo vya Marekani, na huko mkanda ulitosha.

Tatizo ni mwendo. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde, NTSC karibu 30, na kila fremu ya video ni nusu mbili: mistari ya witiri na ya shufwa. Kuziba pengo, fremu moja ya filamu hupewa nusu mbili, inayofuata tatu, kisha mbili, kisha tatu. PAL, mfumo wa Uingereza ambao Tanzania na Kenya nazo ziliufuata, unataka mistari 625 na fremu 25. Mashine ya kubadilisha ikapokea nusu zilizokwisha kurudiwarudiwa, ikazichanganya na kubuni mistari isiyokuwapo. Ukungu ulitoka hapo.

Nakala mama ya fremu 24 ingeepuka yote hayo: unaiongezea mwendo hadi 25, basi. Kipindi cha dakika 45 kinaishia dakika 43 na ushei, sauti inakuwa nyembamba kidogo (wenye masikio makali hulalamika), ila kila fremu inabaki nzima. Kwa NTSC, zile mbili-tatu unaziingiza mwishoni, kwenye nakala ya kupeleka. Ndiyo maana enzi ya HD ilipofika, 1080p ya fremu 24 ikawa chaguo la wengi kwa tamthilia za kuuzwa nje.

Mwaka 2012 CBS ilianza kuitoa tamthilia hiyo kwa Blu-ray. Ilibidi negativu zifukuliwe ghalani, kila shoti itafutwe na kupigwa skani, kisha uhariri urudiwe kwa kufuata mkanda wa zamani. Vyombo vya anga vilivyopigwa kwa filamu vilipachikwa upya. Miale, iliyozaliwa kwenye video, ikachorwa tena. Msimu wa saba ulitoka 2014.

Vipande vichache vya negativu havikupatikana. Hapo waliukuza mkanda uleule, na katikati ya picha safi ukungu unarudi kwa sekunde kadhaa.