Pima Mbili: Bildi na Mamlaka ya Kipimo katika Life on the Mississippi
Tukio la bildi katika kitabu cha Mark Twain, Life on the Mississippi (1883), lina uzito kuliko kichekesho. Rubani mwanagenzi anapita mahali anapojua fika kuwa mto una kina kikubwa. Mwalimu wake, Bixby, amekwisha kuwaagiza wapima maji watangaze kina cha uongo. Pima zinapopungua kwa kila mwito, kijana anauacha ujuzi wake na kusihi meli irudishwe nyuma.

Hila hiyo inawezekana kutokana na namna ya kupima. Risasi hushushwa kwa kamba yenye alama. Mshika kamba husoma na kunadi. Rubani husikia tu. Kipimo humfikia kikiwa kauli ya mtu. Kwa hiyo Bixby anamkaripia msikilizaji: hakupaswa kumruhusu yeyote autikise ujuzi wake.

Jina la mwandishi lenyewe ni mwito huo: pima mbili, yaani futi 12. Mfasiri akiandika “mita 3.7” atahifadhi kina na kuipoteza sauti ambayo tukio zima limejengwa juu yake. Kiswahili kinalo neno pima, urefu wa mikono iliyonyoshwa, litumiwe.