Sahani ya Soldi Mbili: Nani Atuongoze Napoli na Positano?

Vitabu vya mwongozo wa safari huwa hatuvihesabu kuwa fasihi. Tunavinunua, tunavikunja pembe, safari ikiisha vinaishia kwenye boksi. Lakini ukiviangalia vizuri, kazi yake kubwa ni ileile ya mwandishi yeyote: kuchagua. Kipi kiingie, kipi kiachwe. Baedeker, yule mchapishaji wa Kijerumani wa karne ya 19, alikuwa akiweka nyota kando ya vitu alivyoona vinastahili zaidi kutazamwa. Siku hizi nyota zimehamia kwenye simu. Mtu anafika Napoli asubuhi, anapanga foleni kwenye duka la piza lenye nyota nyingi, mchana yuko kwenye boti ya Positano, jioni picha zimeshapanda mtandaoni. Simlaumu, likizo ni fupi na hela ni za kuhesabu. Ila mimi ni msomaji, na msomaji ana swali lake: huyu aliyenichagulia ni nani, na usiku ule alilala wapi?

Tuanze na John Steinbeck, maana ndiye anayetajwa kila mara Positano inapotajwa. Mei 1953 jarida la Harper's Bazaar lilichapa insha yake iitwayo kwa jina la mji huo. Ni insha tamu, hilo tusibishane. Inachekesha, ina ngazi zisizokwisha, ina nyumba zilizopandana juu ya mwamba kama zimegandishwa kwa gundi, ina meya ambaye Steinbeck amempenda waziwazi. Pia ina utabiri: kwamba watalii hawataweza kuuharibu mji huu kwa sababu nafasi yenyewe haipo. Basi nenda Positano mwezi wa Agosti ukaone utabiri ulivyofika. Insha iliyosema nafasi hakuna ndiyo iliyowaita watu waje kujibana.

Kukosea utabiri si dhambi. Kinachonisumbua ni kingine. Steinbeck alifikia Sirenuse, nyumba ya familia ya Sersale iliyogeuzwa hoteli mwaka 1951, na yule meya anayemsifu, Paolo Sersale, ni wa familia hiyohiyo. Hafichi kwamba alilala hapo, lakini macho yake hayatoki kwenye roshani ya hoteli. Mtu anayebeba samaki kupanda zile ngazi anaonekana kwa mbali, kama sehemu ya mandhari. Ukimaliza kusoma unajua mji unapendeza. Hujui kilo ya nyanya ilikuwa shilingi ngapi.

Sasa weka pembeni yake kitabu kidogo cha Matilde Serao, Il ventre di Napoli, yaani Tumbo la Napoli. Mwaka 1884 kipindupindu kiliua maelfu ya watu mjini humo, na Waziri Mkuu Agostino Depretis akatamka kwamba dawa ni moja: kuitumbua Napoli. Neno alilotumia, sventrare, ndilo la mtu anayempasua samaki kumtoa matumbo. Serao, mwandishi wa magazeti mwenye umri wa miaka ishirini na minane hivi, alikasirika. Akamjibu kwa makala zilizogeuka kitabu mwaka uleule. Na jibu lake halikuanza na makumbusho wala mandhari ya ghuba na mlima Vesuvio. Kwa maneno mengine alimwambia waziri: unataka kulitumbua hilo tumbo, unajua lakini linakula nini?

Hapo ndipo kitabu kinapokuwa mwongozo bora wa chakula cha Napoli ninaoujua, ingawa hakikuandikwa kwa mgeni mwenye njaa ya likizo. Kila chakula kinakuja na bei yake. Soldi ishirini zilikuwa lira moja. Piza inauzwa vipande vipande, kipande soldo moja, na si piza ya kwenye kalenda: donge zito linaloungua kabla ya kuiva, nyanya karibu mbichi, vitunguu saumu, pilipili, oregano. Kijana ameisimamisha kwenye meza kona ya mtaa na humo inashinda, iwe baridi iwe jua. Kuna pweza aliyechemshwa kwa maji ya bahari na kutiwa pilipili kali, chakula cha soldi mbili. Halafu kuna makaroni ya barabarani, yanayouzwa sahani ya soldi mbili na sahani ya soldi tatu. Watu wa Napoli, anasema Serao, hawakujisumbua kukipa chakula hicho jina refu. Walikiita kwa bei: “la mbili” na “la tatu”.

Nimelisoma hilo mara nyingi na bado linanishika. Mlo unaoitwa kwa bei yake. Mwandishi mwingine angetafuta sitiari ya umaskini kurasa tatu asiipate, yeye kaiokota sokoni.

Serao anasimulia pia habari ya mtu wa Napoli aliyekwenda Roma kufungua duka la piza. Mwanzoni watu walimiminika, kisha wakapungua, biashara ikafa. Piza ikiwa mbali na mazingira yake, anadai, haielewani na mji mgeni. Leo tunacheka, kwa kuwa piza iko kila pembe ya dunia na mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wa wapika piza wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Lakini angalia kilichotokea njiani. Hadithi wanayopewa wageni sasa ni ya malkia: mwaka 1889 Raffaele Esposito alimpikia Malkia Margherita, malkia akapenda, piza ikapata jina. Wanahistoria wametilia shaka barua inayotumika kama ushahidi, ila hadithi inauza. Miaka mitano tu kabla ya hapo Serao alikuwa ameshaandika piza ni mlo wa nani, na hamna malkia hata mmoja kwenye ukurasa wake.

Kutumbuliwa kulifanyika kweli. Sheria ilipita 1885, mitaa ikavunjwa, maelfu ya wakazi wakahamishwa, ukakatwa mtaa mpana ulionyooka, Corso Umberto I. Miaka ishirini baadaye Serao akarudi kuuangalia, akaongeza sehemu mpya kwenye kitabu. Majengo yale marefu ya kifahari aliyaita pazia la kukunja, lile la kusimamishwa chumbani ili mgeni asione vurugu iliyo nyuma. Vichochoro vilikuwa palepale, hatua chache nyuma ya maduka.

Kwa hiyo ukiniuliza cha kuona Napoli nitakwambia anza na huo mtaa. Unatokea karibu na stesheni kuu, wageni wengi wanaupita mbiombio. Tazama sura za majengo, kisha kata kushoto au kulia uingie nyuma yake. Kwenye pwani ya Amalfi nenda Cetara, kijiji cha wavuvi, ule tambi zilizotiwa colatura, ule mchuzi wa dagaa waliolazwa kwenye chumvi ndani ya pipa hadi wakatoa maji ya rangi ya kahawia. Matone machache yanatosha, yakizidi hutakula. Amalfi yenyewe ina makumbusho ya karatasi ndani ya kinu cha zamani, na wapenda vitabu msiyaruke. Mwaka 1231 Mfalme Frederick II aliwakataza waandika hati wa Napoli, Sorrento na Amalfi kutumia karatasi, akitaka ngozi inayodumu. Na carta ya Kiitaliano na karatasi yetu ni ndugu: moja imepitia Kilatini, nyingine Kiarabu, bibi yao ni Kigiriki. Kuba la vigae la Positano utaliona tu, hata usipotaka.

Serao ana kasoro zake. Anapenda kuwasemea watu wa Napoli kana kwamba ni mtoto mmoja mkubwa, mwema, mshirikina, asiyejua kuweka akiba. Kuna kurasa huruma yake inatiririka hadi unatamani apumzike. Dawa yake ni Anna Maria Ortese, ambaye mwaka 1953, mwaka uleule wa insha ya Steinbeck, alitoa Il mare non bagna Napoli. Jina la kitabu tu ni ubishi: mji wa pwani ambao bahari haiufikii.

Hadithi ya kwanza inamhusu Eugenia, msichana maskini ambaye karibu haoni kabisa. Shangazi yake anakubali kumnunulia miwani, lira elfu nane, na bei hiyo inarudiwa na kurudiwa hadi msomaji naye anaanza kudaiwa. Anapoijaribu dukani kwenye mtaa wa matajiri, dunia inang'aa: nguo, magari, nyuso. Mwongozo wowote wa safari ungeishia hapo. Kisha miwani inafika nyumbani. Eugenia anaivaa akiwa kwenye ua wa nyumba yao, anatazama juu, anatazama kuzunguka, kichwa kinamzunguka na anatapika.

Kwa asiyesoma Kiitaliano, kitabu hicho kilitafsiriwa upya kwa Kiingereza mwaka 2018 kwa jina Neapolitan Chronicles. Kibebe kwenye begi. Steinbeck mwache, Positano utamkuta.